Ufagio wa Mayala

"Mayala, weka huo ufagio chini."

Elina aliyasema hayo hata kabla hajashuka vizuri kwenye bodaboda. Mguu mmoja ardhini, mwingine bado umekwama kwenye chuma, kitenge kimepanda magotini, na macho yote kwa mdogo wake. Mayala, mwanaume mzima mwenye ndevu, mke na zizi la ng'ombe, alikuwa ameinama katikati ya uwanja wa nyumba yake pale Nkololo, anafagia.

"Ng'wangaluka, dada," Mayala akamsalimia. Hakuinuka.

"Sikuja kusalimiwa. Nimesema weka chini."

"Nikimaliza."

Dereva wa bodaboda akacheka. "Ngosha, dume zima, leo zamu yako?"

"Leo yangu. Na kesho yangu," Mayala akasema, ufagio ukiendelea kukwaruza ardhi.

Elina akamfukuza dereva kwa mkono kama anafukuza kuku. Ng'washi, mke wa Mayala, akatoka jikoni, mikono ina unga. Akapiga goti kumsalimia wifi yake. Salamu haikupokelewa.

"Umemlisha nini mdogo wangu?"

"Uji, wifi. Leo ameumaliza wote."

"Usinijibu kama mtoto wa shule. Mimi nakaa Bariadi mjini, habari zinanifikia mpaka dukani kwangu. Wateja wananunua vitenge huku wanacheka. Eti Mayala wa mzee Masele siku hizi ndiye mke. Umemuwekea dawa, Ng'washi. Mwanaume hafagii akiwa na akili zake."

"Dawa anazokunywa ni za hospitali. Ziko ndani, nikuoneshe?"

"Nimeshaona ya kunitosha. Jumapili baba anakuja, na baba mdogo Bundala. Tutakaa kikao. Ujiandae kurudi kwenu Lingeka, na ng'ombe wetu wa mahari warudi."

Ng'washi akamwangalia mume wake. Mayala alikuwa amefika karibu na zizi. Mgongo ulikuwa umeinama vilevile, lakini mkono ulikuwa umepunguza mwendo.

Wacha turudi nyuma kidogo, ili Ng'washi asihukumiwe bure.

Hakuna kilichokuwa kimetokea. Hilo ndilo lililowatesa watu. Mayala hakufiwa, hakuibiwa ng'ombe, na pamba mwaka ule ilikuwa nzuri. Alianza tu kupungua, kama koroboi inayoishiwa mafuta. Kwanza aliacha kupiga stori gulioni. Halafu akaacha kuoga. Mwisho akalala akageukia ukuta, na maksai wakashinda zizini wakati wenzake wanalima.

Ndugu wakauliza nini kimetokea. Jibu halikuwepo, wakaanza kutafuta mtu wa kumbebesha lawama. Na mtu wa karibu kuliko wote alikuwa mke.

Ng'washi alimpeleka hospitali mjini, wamepakizana kwenye pikipiki, yeye nyuma amemshika kiunoni asije akaanguka. Daktari Novatus aliwasikiliza bila haraka.

"Huu ni ugonjwa, mama. Unaitwa sonona. Hajalogwa, wala si mvivu."

"Umetoka wapi, daktari?"

"Mara nyingine una sababu, mara nyingine hauna. Malaria ikija huiulizi kwa nini imekuja kwako. Unaitibu."

Akaandika dawa na tarehe ya kurudi. Kisha akamgeukia Mayala.

"Dawa utameza, na utakuja kuongea na mimi. Lakini kuna mengine ni ya kwako. Kila asubuhi uoge, hata kama hutaki. Ule, hata kidogo. Utoke juani. Na uchague kazi moja ndogo, yenye mwanzo na mwisho, uifanye mpaka uone imeisha. Utachagua nini?"

Mayala hakuwa ametamka neno tangu walipotoka nyumbani. Akasema moja tu.

"Kufagia."

Ng'washi alishangaa. Hakuuliza. Alidhani mume wake ametaja kitu cha kwanza kilichomjia kichwani.

Tangu hapo, Ng'washi akiwa shambani anapalilia pamba, simu ilikuwa inalia kwenye fundo la kitenge. Mayala hakuwa na nguvu ya maneno ya mdomo, ila vidole vilikuwa vinajaribu.

"Nimeoga."

Siku nyingine: "Nimeoga. Maji baridi."

Siku nyingine: "Nimekula michembe. Jeni kanilisha." Jeni ndiye binti yao, mdogo wa kubebwa bado, anayemtia baba yake vipande vya viazi vikavu mdomoni.

Wapo wanawake wanaotumiwa maua kwenye simu, wanaitwa malkia. Ng'washi alikuwa anasimama katikati ya pamba na jembe lake, anasoma "nimeoga", anajifuta macho na kiganja chenye udongo.

Sasa Elina alipoondoka na vitisho vyake, meseji zikabadilika. Jioni ile ile ikaingia ya wifi:

"Mwanamke mwenye haya angefagia uwanja wake mwenyewe. Watu wa kikao wakimkuta na ufagio, ujue umejifukuza."

Kisimani nako hakukuwa na amani. Jirani yake Anyesi alikuwa anaijaza ndoo taratibu ili aongee vizuri.

"Mama Jeni, hiyo dawa na mimi nigawie. Wa kwangu hata kiti anachokikalia mwenyewe hawezi kukisogeza."

Wanawake wakacheka. Ng'washi naye akacheka, akajitwika ndoo kabla haijajaa.

Jumamosi, kabla jua halijachomoza, akaamka, akauchukua ufagio, akauficha ndani ya kihenge, chini ya mtama. Akaazima wa Anyesi, akafagia uwanja wote haraka haraka. Mayala akatoka nje na fulana yake, akasimama mlangoni. Akaangalia uwanja ulivyo safi.

"Ufagio uko wapi?"

"Pumzika leo, baba Jeni. Kesho wanakuja watu."

"Nimekuuliza uko wapi."

"Wakishaondoka nitakupa. Kikao kipite tu."

Mayala akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua zamani. Akarudi ndani. Siku ile simu ya Ng'washi haikulia.

Jumapili asubuhi aliingia chumbani na bakuli la uji. Mayala alikuwa amegeukia ukuta.

"Baba Jeni."

Akamgusa bega.

"Baba Jeni, uji."

"Weka hapo."

Sauti ilikuwa ile ya zamani, ile isiyokuwa na mtu ndani yake. Ng'washi akaketi pembeni ya kitanda. Alielewa alichokifanya. Kwa kuogopa kufukuzwa kwenye nyumba ya mume, alikuwa amemfukuza mume mwenyewe.

Simu ikaita. Elina.

"Tuko njiani. Baba yuko nyuma yangu na pikipiki nyingine. Uwanja umeshaufagia?"

"Bado."

"Bado? Unangoja nini?"

"Namngoja mwenyewe."

Akakata. Akaenda kwenye kihenge, akaingiza mkono mpaka begani, akauvuta ufagio, mtama ukamwagika miguuni, hakuujali. Akarudi chumbani akaulaza kifuani kwa Mayala.

"Amka. Uwanja mchafu."

"Watu wanakuja."

"Waje wakute vumbi linatimka."

"Watakurudisha Lingeka."

"Najua njia ya Lingeka, nilikuja kwa njia hiyo hiyo. Amka, Mayala. Nilikosea jana. Leo nimekosa aibu kabisa, tumia nafasi hiyo."

Mayala akageuka taratibu. Midomo ikataka kucheka, ikashindwa, lakini ilitaka.

"Sijaoga," akasema.

"Maji yapo. Baridi kama unavyoyachukia."

Mzee Masele alipofika, akiwa na fimbo yake na katambuga zake za matairi, alimkuta mwanawe ameinama uwanjani, nywele bado zinadondosha maji. Ng'washi akamletea kigoda, akapiga goti.

"Ng'wangaluka, baba."

"Ng'wangaluka, mayu," mzee akaitikia, akimwita mama.

Baba mdogo Bundala alikaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza bila kungoja maji ya kunywa.

"Kaka, unaona mwenyewe. Leo ufagio, kesho atabeba mtoto mgongoni na kwenda kisimani. Ukoo mzima tutavaa vitenge."

"Mbele yetu," Elina akadakia. "Mbele ya baba yake. Nilisema mkabisha. Mwanamke huyu amemfunga. Kuna mtaalamu nimeshaongea naye, amfungue leo leo, na huyu aende kwao."

Ng'washi hakukaa mkekani kama mkwe anavyopaswa. Alibaki amesimama.

"Naomba kusema."

"Wewe utasema ukiulizwa," Bundala akasema.

"Basi niulize, baba mdogo, maana nitasema tu."

Mzee Masele akagonga fimbo chini. "Aseme."

"Huo ufagio niliuficha jana, kwenye kihenge. Wifi alinitumia meseji, nikaogopa. Nikataka mkija mkute mke mwema na uwanja safi. Mkikuta hivyo, nabaki. Lakini leo asubuhi mwanenu hakuamka. Alirudi ukutani. Mimi ndiye niliyemrudisha, kwa kuwaogopa ninyi. Sasa nimeutoa mwenyewe na nimempa mkononi mwenyewe. Mkitaka kunirudisha Lingeka, nirudisheni. Ufagio unabaki. Na dawa zake anakunywa jioni baada ya kula, asije akasahau mtu."

Elina akafungua mdomo. Mayala akawahi.

"Dada, ngoja."

Wote wakageuka. Ilikuwa miezi mingi hawajamsikia akimkatiza mtu.

Akasimama wima, ufagio mkononi. Maneno yalitoka kwa kusitasita.

"Daktari hakunichagulia. Nilichagua mimi. Nilipokuwa nimegeukia ukuta, nilikuwa sioni kama kumekucha. Mwanga naona, ila kucha sioni. Nilikuwa nawaza nisiamke kabisa. Halafu namsikia huyu anafagia. Kila asubuhi. Siku nyingine kwa hasira, nilikuwa naitambua. Siku nyingine ufagio unasimama, najua analia, halafu unaanza tena. Nikawa najiambia, ngoja kwanza amalize uwanja. Ngoja tu amalize uwanja. Akimaliza, asubuhi imeshanipita na bado nipo."

Ng'washi akaweka mkono mdomoni. Asubuhi zote zile alikuwa anafagia akidhani anafagia peke yake.

"Sasa nafagia mimi," Mayala akasema. "Nataka na mimi nisikike. Na huyu asikie kwamba nipo. Mtaalamu wako, dada, mwambie asisumbuke. Jumatano narudi kwa daktari. Na anayetaka kucheka, uwanja ni mpana, akae anapotaka, ila nikifika alipo atapisha."

"Mbona hukuniambia mimi?" Elina akauliza. Sauti ilikuwa imeshuka mpaka ya utotoni. "Mimi dada yako."

"Ulikuja na pikipiki, ukaniambia weka chini."

Elina akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Mayala akainama tena. Akafagia mbele ya mkeka, Elina akasogea. Akafagia kwenye kiti cha plastiki, Bundala akajifanya hajaona, vumbi likampanda suruali mpaka akasogea mwenyewe anakohoa. Akafika kwenye kigoda cha mzee Masele. Akasimama.

"Baba, nyanyua miguu."

Mzee akamtazama Bundala. Akamtazama Elina. Akamtazama mkwe wake aliyesimama pale na unga wa uji umemkaukia mkononi. Kisha akashika kigoda kwa mikono miwili na kuinyanyua miguu yote juu, katambuga zikaning'inia hewani kama za mtoto. Mayala akapitisha ufagio chini yake, mara moja, mara mbili, akaendelea mbele.

Mzee akaishusha miguu.

"Umeruka pale," akasema, akinyoosha fimbo. "Karibu na zizi."

"Nakuja huko, baba."

"Kaka," Bundala akanong'ona, "na kikao?"

"Kikao gani? Uwanja haujaisha. Mayu, kama uji umebaki, tupatie."

Elina ndiye aliyeinuka kwenda kumsaidia wifi yake kubeba bakuli. Jikoni hakuomba msamaha, si mtu wa hivyo. Alisema tu, "Huu moshi unaumiza macho," akajifuta kwa muda mrefu kuliko moshi uliokuwepo. Wiki iliyofuata meseji yake ikaingia:

"Jumatano nitampeleka mimi kwa daktari, wewe palilia pamba. Na ule, umekonda."

Pale kisimani bado wanacheka. Anyesi bado anaomba dawa. Mayala akipita na baiskeli yenye madumu, wanaume wenzake wanamwita Mama Jeni mdogo, naye anawajibu kwamba Mama Jeni mdogo ana maksai wanne, wao walete hata mbuzi. Na zipo asubuhi ambazo hawezi. Siku hizo Ng'washi anashika ufagio na kuanza, anafagia kwa sauti, anaikwaruza ardhi kusudi. Mara nyingine anafika zizini peke yake. Mara nyingine, kabla hajafika katikati, anasikia mlango unalia, na mkono unakuja kuuchukua ufagio kutoka kwake.

Asubuhi moja ya majuzi alikuwa bado amelala, Jeni kifuani, kitenge mpaka mabegani. Nje ufagio ulikuwa unakwenda taratibu, bila kusimama. Alisikiliza mpaka ukanyamaza. Simu ikalia kando ya mto.

"Uwanja tayari. Toka uone kabla kuku hawajachafua."

Akatoka peku. Uwanja ulikuwa na mistari mizuri ya ufagio, kuanzia mlangoni mpaka zizini. Ng'washi akatembea katikati yake kabisa, unyayo baada ya unyayo, mpaka akamfikia Mayala.

"Sasa umeshachafua wewe," Mayala akasema.

"Si kesho utafagia tena?"

Mayala akaziangalia nyayo za mke wake, zilivyopita moja kwa moja kuja kwake.

"Kesho nitafagia tena."