Abiria wa Pikipiki ya Nhlakanipho

Kiti cha nyuma kilikuwa na joto. Bhekani alikigusa, akatoa mkono, akakigusa tena. Pikipiki haikuwa imewashwa tangu jana na injini ilikuwa baridi kama mtungi, lakini pale anapokaa abiria palikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akasonya. Fundi mzima wa pikipiki wa Umlazi, amwambie nani habari hiyo?

Pikipiki hiyo ilikuwa ya marehemu mdogo wake, Nhlakanipho. Pikipiki ya kati, usukani wa juu, ya kwendea kazini tu ukiitazama, ila tumboni wameitia injini ya zile za mashindano: ukienda polepole imetulia, ukiivuta inapiga yowe. Nhlakanipho alifia juu yake, karibu na Eshowe. Bhekani akaitengeneza, akaenda nayo kumchukua.

Maana kwao mtu akifia barabarani roho yake haiachwi huko. Unakwenda na tawi la mkunazi mpaka alipoangukia, unamwita kwa jina, unarudi naye, na njia nzima husemi na yeyote ila yeye, hadi ulilaze tawi kwenye chumba cha mababu. Wazee walimtaka apande teksi, basi dogo la abiria, amlipie marehemu kiti chake. Bhekani akang'ang'ania pikipiki. Mdogo wake aliipenda, basi atarudi nayo. Yakaenda vizuri mpaka kituo cha mafuta njiani kurudi, ambapo mjaza mafuta aliicheka, akasema hiyo ni ya bibi wa kwenda sokoni. Ulimi hauna mfupa!

"Injini hii ni ya mashindano," Bhekani alifoka. "Uliza kwanza."

Akabishana naye mpaka tangi likajaa.

Tangu hapo mama yao, MaCele, hakupata usingizi. Kila akisinzia alimsikia Nhlakanipho akimwita kutoka mbali, magari yakipita. Na pikipiki nayo ikaanza vituko. Mchana kweupe springi za nyuma zilibonyea, kukanuka mpira ulioungua, na siku moja Bhekani akiwa anakunywa chai, ufunguo uko mfukoni mwake, injini ikawaka yenyewe, ikapanda, ikapanda tena hadi yowe likatikisa mabati na majirani wakatoka na mbwa wakajificha, na hakuna mkono uliokuwa umeshika usukani. Bhekani alibadilisha springi, plagi, nyaya. Alitukana, alipiga teke gurudumu, akaumia kidole. Kazi bure.

Akaitwa mganga, MaGumede. Alinusa kile kiti bila kukigusa.

"Nduguyo umemwacha kwenye kituo cha mafuta," alinong'ona. "Uliyempakia si yeye."

"Ni nani basi, Ma?"

"Barabara ina wafu wengi wasio na wa kuwafuata. Mmoja wao alikuta kiti, na wewe uko kwenye ubishi."

Akamwagiza amrudishe huyo alikompakia, aiache pikipiki hukohuko, amchukue nduguye kwa teksi, na safari hii afunge mdomo.

Bhekani alikwenda, mgongo wote umemganda kwa pumzi ya mtu. Kituoni akasema, "Shuka." Springi zikainuka. Akamwachia mjaza mafuta ufunguo, akashika tawi jipya, akamwita Nhlakanipho, akapanda teksi, akalipia viti viwili. Kondakta alimsemesha, akamkejeli, akamdhania bubu. Bhekani aliuma meno. Safari hii hawanipati, alijiambia.

MaCele alikuwa amesimama getini. Aliliona tawi, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ukakunjuka.

"Karibu nyumbani, Nhlakanipho wangu," alisema, machozi yakimtiririka.

Kisha akatazama nyuma ya bega la Bhekani, akapangusa macho, akatazama vizuri zaidi.

"Kumbe, Nhlakanipho, umekuja na mwenzako, mwanangu."

Bhekani alisikia nyuma yake harufu ya mpira ulioungua, akatikisa kichwa kwa nguvu. Akamzibia mama njia kwa mwili wake. Akiongea, mdogo wake amepotea. Tawi bado liko mkononi.

"We Bhekani, una nini? Mgeni haachwi nje ya geti," mama alimkaripia, akamsukuma kando, akafungua geti lote wazi. "Ingieni, wanangu. Ingieni nyote wawili."