Anayeitika Mlango

Bernadina alimpata mume kwenye foleni ya mashine ya kusaga, pale Nakwa, Jumamosi moja ya kawaida kabisa, debe la mahindi miguuni na vumbi la unga hadi kwenye kope. Mimi ni jirani yake wa sasa na siku hiyo sikuwepo, lakini kisa hicho alikuwa akikisimulia kwa raha kila apatapo msikilizaji, kabla hajakichukia. Kijana aliyesimama nyuma yake alikuwa na kile kipira cha kuvutia makamasi ya watoto wachanga. Akakielekeza kisogoni kwake, akakibonyeza, hewa ikamgonga shingoni. Msichana mwingine angejikunyata. Bernadina aligeuka papo hapo, akampokonya kipira, akamuuliza kama kwao hawana kazi za kufanya.

Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliitwa Elibariki, na alikuwa akimsaidia mtafiti mmoja aliyekuja kuchunguza buibui wa kwenye migunga, wale wanaojenga kiota kimoja cha utando mchafu na kuishi humo mamia kwa mamia. Walicheka, wakapeana namba za simu. Baada ya miezi mitano wazee wa Elibariki walifika Singe kwa mama yake Bernadina, mjane mwenye binti watatu, wakamposa huyu wa katikati.

Nyumba alikoolewa ilikuwa ya kuonewa wivu. Mama mkwe, wifi yake Gaudiosa na Elibariki walikula sahani moja, na hakuna aliyempandishia mwenzake sauti. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, lakini nani husikiliza wahenga akiwa na miaka ishirini na tatu na mume anayemsaidia kuchota maji?

Jioni Elibariki alipenda kumweleza habari za buibui wake. Alisema kiota hakina malkia wala askari, wote ni ndugu, ila kila mmoja ana tabia yake kama watu. Ukitaka kuijua, unampulizia kwa kipira. Atakunja miguu na kujifanya amekufa. Hapo unahesabu. Wengine hukaa hivyo hata dakika kumi, hao ni waoga. Mwingine kabla hujafika tano ameshanyanyuka. Huyo ni jasiri, naye hupakwa tone la rangi nyekundu mgongoni.

"Sasa jasiri ana faida gani?" Bernadina aliuliza.

"Utando ukitikisika, yeye ndiye anatoka kuangalia. Aliyeutikisa akiwa panzi, kiota kizima kinakula."

"Na wakiwa siafu?"

"Wanamla yeye. Wengine wanabaki ndani, wanapona."

Alitaka kujua inakuwaje majasiri wakiisha. Elibariki alimtazama kwa upole, akasema hapo huwa wanamleta mwingine kutoka kiota cha jirani. Bernadina aliona ni mambo ya wasomi, akaenda kupakua chakula.

Hodi ya kwanza aliisikia wiki ya tatu ya ndoa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, wote wamezunguka sinia la ugali na perege wa ziwani. Sauti ya mwanamke ilibisha kutoka kwenye geti, sauti ya upole, kama ya mtu aliyetembea sana. Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Mama mkwe aliangalia chini. Gaudiosa alikunja miguu yake chini ya khanga. Elibariki alitazama ukuta. Bernadina akashangaa. Kwao Singe mgeni haachwi juani, na yeye ndiye aliyezoea kuwahi mlango hata kabla mama yake hajatamka neno.

"Karibu," akaitika, akatoka.

Getini hapakuwa na mtu. Aliporudi alikuta mama mkwe amemwekea kipande kinono kuliko vyote, akamwambia kwa sauti ya chini, "Umetusaidia, mwanangu." Yeye akadhani anasifiwa adabu.

Hodi zilirudi, mara moja kwa miezi sita au saba, daima mchana kweupe. Hakuna mwingine aliyewahi kuitika. Na kila alipoitika Bernadina, nyumba ilinawiri: ng'ombe alizaa mapacha, kidonda cha Gaudiosa kilichomsumbua miaka kikafunga kwa wiki moja, mahindi yao yakakomaa wakati ya majirani yananyauka. Yeye mwenyewe alijifungua mtoto wa kiume, Emanuel, wakawa wanamwita Ima. Jambo moja tu lilimkosesha raha. Hodi ya pili ilitokea ndani ya geti. Iliyofuata ilitokea kwenye tangi la maji. Ya nne ilikuwa chini ya dirisha la jikoni, karibu kiasi kwamba alisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kubisha.

Alimwambia mumewe. Elibariki akamshika mkono, akamwambia asiwe na hofu, yeye si mtu wa hofu. Aliyasema hayo kwa mapenzi kabisa.

Ima alipofika mwaka na nusu, Alhamisi moja Bernadina alikuwa akitafuta kalamu ya kujazia fomu ya kliniki. Akafungua daftari la kazi la mumewe. Kurasa zilijaa buibui. Namba kumi na nne, sekunde mia tatu arobaini, mwoga. Namba kumi na tano, sekunde nne, jasiri. Akafunua, akafunua tena, akafika kwenye tarehe ambayo asingeweza kuisahau, Jumamosi ile ya mashine. Mwandiko ulikuwa uleule, umetulia, hauna haraka.

*Bernadina. Sekunde moja. Jasiri. Anafaa kuletwa.*

Alisoma mara tatu. Mapenzi yake yote, kicheko chake chote cha siku ile, vilikuwa mstari mmoja kwenye daftari la wadudu. Alilia kimya kimya amesimama, mkono mdomoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa amezifua nguo hizo kwa mikono yake, akazipiga pasi. Alielewa kila kitu kwa mkupuo: kipande kinono, ng'ombe, kidonda, na kule sauti ilikokuwa ikielekea. Akiitika mara nyingine, haitarudi bila yeye.

Mama mkwe akaita. Chakula tayari.

Akaenda. Angekwenda wapi? Alimpakata Ima, akaketi. Hakuna aliyemtazama usoni.

"Hodi."

Mlangoni kabisa. Mbao zililia kidogo, kama mtu ameziegemea.

Mikono ikasimama. Mama mkwe akaangalia chini. Gaudiosa akakunja miguu. Na safari hii Bernadina naye akakunja yake, akainamisha kichwa, akanyamaza.

"Hodi."

Wote wanne kimya. Alisikia kitu cha ajabu, mnong'ono mdogo sana kutoka kwa mumewe. Alisikiliza. Elibariki alikuwa akihesabu. Ishirini na saba. Ishirini na nane.

"Mama Ima," mama mkwe akanong'ona bila kuinua macho. "Mlango."

Bernadina alimkaza Ima kifuani.

"Mama Ima. Tafadhali."

"Hodi," ikasema sauti kwa mara ya tatu.

Ndipo Ima, mtoto aliyefundishwa na mama yake kusalimia wageni, akainua uso wake kutoka kifuani, akatabasamu.

"Kalibu," akasema.

Elibariki aliacha kuhesabu. Akashusha pumzi. Ndiyo, alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mkono wake ukarudi kwenye ugali. Bernadina anasema angeweza kumsamehe lile daftari. Pumzi ile, hapana.

Komeo likaanza kujivuta lenyewe. Hakungoja liishe. Alimkumbatia mtoto, akaupiga mlango kwa bega, akatoka naye juani akipiga kelele. Alipita katikati ya kitu cha baridi. Ima alinyoosha mkono nyuma, kama mtoto anayepewa kitu. Uani hapakuwa na mtu. Alikimbia bila viatu hadi barabarani, akasimamisha bodaboda, akasema Singe.

Mama yake alimpokea, akampa maji, akasikiliza yote bila kumkatisha hata mara moja. Hilo lilimshangaza Bernadina. Walipomlaza Ima ndipo walipoona ngumi yake haifunguki. Wakaikunjua kidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na pete ya ndoa, ya kike, na upande wa ndani imechongwa: *Elibariki na Goodness, 6.7.2019.*

"Huyu nani?" Bernadina aliuliza. "Mama, alikuwa na mke?"

Mama yake aliiweka pete sakafuni kwenye saruji, taratibu. "Waliniambia alikufa kwa homa."

"Walikuambia lini?"

"Siku ya posa." Aliangalia chini. "Hawakuuliza kama unajua kupika, wala kama una afya. Waliuliza, mtu akibisha hodi hapa, katika binti zangu nani huwahi kuitika."

"Ukawaambia?"

"Baba yako alishatutoka, Bernadina. Walisema wasipompata huyo, watachukua yeyote." Akaisukuma pete mbali kwa kidole. "Nilikuwa nao watatu."

Bernadina hakulala pale hata usiku mmoja. Sasa amepanga chumba kwenye nyumba ya Mama Najma, mwenye duka la vitambaa hapa mjini, ukuta mmoja na mimi, na mama yake akija huzungumza naye wakiwa wamesimama. Ima ni mzima, anacheza. Pete aliipeleka kanisani, ikakataliwa. Akaitupa ziwani, asubuhi akaikuta kwenye kiganja cha mtoto. Ameiweka kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati, na mwezi uliopita alinifungulia niione. Niliishika. Chumba kilikuwa na baridi ya Julai, na kopo lenyewe lilikuwa baridi. Pete ilikuwa na joto, na jasho kidogo, kama imevuliwa kidoleni sasa hivi.