Ufunguo wa Randall

Acha kunibinulia midomo. Ungeweka kiganja chako juu ya boneti ile mwezi wa pili, hapa Toledo, theluji imefika magotini, usingekuwa unacheka.

Lilikuwa gari la Randall, mtoto wa dada yangu Arlene. Pontiac ya mwaka sitini na nane, ubavu mmoja mwekundu unang'aa, wa pili bado rangi ya msingi, kijivu kama uji wa jana. Injini alishaifufua, moyo wake mwenyewe ukagoma. Arlene alikuwa ameuza nyumba ahamie kwangu, ghorofani, ambako hata baiskeli haina pa kulala. Gari lazima liondoke.

Akaja mnunuzi, Hollis. Kabla ya salamu akabandika kiganja kwenye boneti, kama wafanyavyo wote wanaojua magari: injini iliyopoa haidanganyi. Akaruka: ilikuwa ya moto.

"Mama, umelipasha moto nisisikie linavyokohoa!"

"Nilipashe na nini?" Arlene akamjibu. "Betri iko jikoni."

"Basi nani kaliwasha? Paka?"

Akaenda zake. Ndipo ikatujia harufu ya petroli na pipi za mdalasini alizokuwa akitafuna Randall, kisha kiti cha dereva kikalia polepole, kama kiliavyo mtu mzito anapoketi, na kioo kikafanya ukungu kwa ndani, pumzi baada ya pumzi, hadi Arlene akanong'ona, "Yumo."

"Arlene, ulimzika na nini?"

"Ufunguo wake. Nilimtia mfukoni. Nikabaki na wa akiba."

"Mpumbavu wewe! Wenzio hutia picha kwenye jeneza, hutia kofia. Wewe umempa maiti gari!"

Nikaita fundi wa vitasa. Akang'oa vya milango, akang'oa na cha kuwashia, akatia vipya. Boneti ikapoa mbele ya macho yetu. Arlene akailalia, akilitafuta joto kwa shavu, hakulipata. Jumamosi Hollis akarudi, akagusa, akaridhika, akalichukua.

Jana tulikuwa tunakula supu kwangu. Ufunguo ukaanza kukwaruza tundu la mlango wangu, ukizunguka, ukikwama, ukirudi. Dada akainuka, uso umemchangamka.

"Nimfungulie. Anapigwa na baridi."

"Keti! Atakuuliza gari liko wapi. Utamjibu nini?"

Akaketi. Alilia bila sauti, supu ikapoa.

Nikavaa koti. Aliyeita fundi ni mimi, si yeye; wa kumjibu Randall ni mimi. Nikatoka, nikaufunga mlango.