Wasuvi wa Goreth

Treni ya Tabora iliingia Mpanda ikiwa imechelewa, na abiria wakamwagika hadi sokoni na mabegi yao, magodoro yao na kuku wao waliofungwa miguu. Barazani kwa fundi Silvesta cherehani nne zilikuwa zinakimbia kwa pamoja. Goreth, kwenye ile ya pili kutoka mlangoni, alikuwa anapiga pindo la gauni la kipaimara wakati kijana mmoja alipoinama karibu na sikio lake.

"Dada, samahani. Zipu imekatika."

"Lete hiyo suruali."

"Ndiyo niliyovaa."

Goreth aliinua macho. Kijana alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, suruali ya kijivu pana kama walivyovaa vijana mwaka ule wa tisini na sita, na bahasha kubwa ya kaki ameishikilia mbele yake kwa mikono miwili. Goreth aling'ata ulimi asicheke. Alivuta kitenge cha mteja, chenye maua mekundu, akampa.

"Nenda nyuma ya pazia. Ukitoka ukae hapa, usitembeetembee."

Alitoka amejifunga kitenge kiunoni, akakaa kwenye kigoda magoti yamebanana kama bibi harusi kanisani. Wanawake waliokuwa wanangoja nguo zao walimtazama bila haya. Yeye, kwa kutafuta pa kuweka macho, aliokota karatasi ya kukatia vipimo iliyokuwa chini ya cherehani, akaigeuza.

"Hii ni nini?"

"Mchoro tu."

"Meli naiona. Huu mti unafanya nini katikati ya meli?"

"Unasafiri."

"Miti haisafiri, dada."

"Ya kwenu."

Alicheka, mpaka kitenge kikataka kufunguka. Jina lake Masele, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliotoka kaskazini na ng'ombe wao wakatua Mwamkulu. Mjini alikuwa anapiga chapa barua za watu kwenye duka la vifaa vya ofisi, na jioni aliandika hadithi. Mbili zilishatoka kwenye gazeti la wiki la Dar es Salaam. Alilisema hilo taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Kesho yake alirudi na shati.

"Kifungo kimelegea."

"Hakijalegea."

"Nimekilegeza mwenyewe. Sasa niambie kuhusu hao watu wa meli."

Watu wale Goreth alikuwa nao tangu utotoni. Alizaliwa Litapunga, kwenye makazi ya wakimbizi, miaka miwili baada ya wazazi wake kukimbia Burundi. Hata kukaa mjini alikaa kwa kibali chenye mhuri. Shuleni walipoulizwa kwao ni wapi, wenzake wa makazi walitaja milima ambayo hawajawahi kuiona. Yeye alinyamaza, na kichwani akatengeneza watu wake. Aliwaita Wasuvi. Waliishi zamani sana, kabla ya watu wote, kwenye nchi iliyozungukwa na maji, na makuhani wao waliitwa Walezi, kwa sababu kazi yao ilikuwa kulea miti.

"Hawakati miti?" Masele aliuliza. Walikuwa mgahawani Shanwe, chai na chapati mezani.

"Wanakata. Meli watatengenezaje? Ila Mlezi anaukalia mti misimu saba anauomba. Ukikubali, unaangusha tawi bila upepo. Usipokubali, mnatafuta mwingine."

"Na huo wa kwenye meli?"

"Huo ni mche hai. Kila meli ina mmoja, na Mlezi wake. Wakifika nchi mpya, kabla hawajanywa maji wanaupanda. Ukinyauka, wanaondoka. Nchi imewakataa."

"Wanajuaje njia baharini?"

"Mlezi anashika majani. Yanageukia kwenye ardhi."

"Nani kakufundisha uongo huu mtamu?" Masele alisema, akaweka kalamu. "Bahari umewahi kuiona?"

"Hata ziwa sijaliona. Wewe je?"

"Mimi nimeona lambo la ng'ombe."

Walicheka mpaka mwenye mgahawa akawatazama. Ikawa kila siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana. Masele alikuwa muulizaji hodari. Wasuvi wanazikaje? Na mbegu mdomoni. Sheria zao wameandika wapi? Hawaandiki, Mlezi anajifunza miaka ishirini, anashika kila kitu kichwani, mpaka majina ya miti iliyokufa. Wakiwa wawili barabarani alimwita "Mlezi wangu," naye akamwita "lambo." Goreth alianza kuvaa gauni lake la bluu la Jumapili siku za kazi. Silvesta aliona.

"Nikupigie chapa," Masele alimwambia. "Isije ikapotea." Goreth alikubali, akawa anamletea michoro, yeye anapiga usiku na mchana, kurasa zikawa nene kama kitabu cha nyimbo.

Siku moja mvua iliwafungia chini ya bati la duka. Masele aliuliza, "Kwa nini meli za Wasuvi hazirudi nyuma hata siku moja?"

Goreth alitazama maji yaliyokuwa yanachuruzika batini. Halafu akamwambia jambo ambalo mama yake, Odeta, alimwambia yeye peke yake.

Mwaka wa sabini na mbili, mama yake alifika mto Malagarasi na mume wake Claude, mama mkwe wake, na mtoto wa kike wa miaka mitatu aliyeitwa Joséline. Mtoto alikuwa anakohoa. Mwenye mtumbwi alikataa kumpakia, wanajeshi wangesikia. Bibi akasema, tangulieni, nitakaa naye hapa kwenye mafunjo, mtarudi kutuchukua kesho. Akamfunika mtoto kitambaa cha bluu. Kesho yake hakuna mtumbwi uliorudi upande ule, wala keshokutwa. Walipofika makazini, Odeta na Claude waliwaambia ndugu kwamba bibi na mtoto walikufa kwa homa njiani, wakazikwa. Watu wakakaa matanga. Claude alikufa na siri hiyo.

"Hata baba mdogo Polycarpe hajui," Goreth alisema. "Na yule bibi alikuwa mama yake mzazi."

Masele alimshika mkono. "Imeingia kwangu, haitoki," alisema.

Juni gazeti lilifika na treni. Silvesta ndiye aliyelileta barazani. Ukurasa wa tisa, juu kabisa: *Mabaharia wa Miti. Mtunzi: Masele Machibya.* Goreth alisoma amesimama. Yalikuwa maneno yake, mengine hata nukta hazikubadilika. Alitoka na gazeti mkononi akaenda dukani.

"Nilitaka nikushtukize," Masele alisema, uso wote unang'aa. "Wameipenda. Itatoka wiki hadi wiki."

"Jina langu liko wapi?"

"Mhariri anasema nafasi ni ya jina moja. Mpenzi, nisikilize. Wananiita Dar, wanataka kunipa kazi. Nikishakaa pale, nitaliweka la kwako. Hii ni yetu sote."

Alikuwa na namna ya kusema "yetu" iliyomlainisha mtu. Goreth alikunja gazeti. Wiki mbili baadaye alimsindikiza stesheni. Masele alikuwa amevaa koti jipya, akamshika mkono dirishani mpaka treni ikamnyang'anya.

Alhamisi ilikuwa siku yao ya simu, saa nne. Pudensiana wa posta alimwita, "Goreth, chumba namba mbili," naye alikimbilia kile chumba cha mbao chenye harufu ya vumbi na mikono ya watu.

"Mlezi wangu, mambo?"

"Poa. Umeiona bahari?"

"Nimeiona. Mdomo wako ulisema kweli, ni kubwa hivyo hivyo. Niambie, Walezi wakigombana anaamua nani?"

Goreth alimwambia. Alhamisi iliyofuata akauliza tena, na iliyofuata. Wakati mwingine dakika ziliisha kabla hajamuuliza hali yake. Goreth alilihesabu hilo, akalisamehe, kazi ni kazi.

Agosti, Jumatatu moja asubuhi, baba mdogo Polycarpe alisimama mbele ya cherehani. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, hakuwa na kawaida ya kuja mjini. Akatoa gazeti kwenye koti.

"Jana baada ya misa mwalimu Methusela aliwasomea akina mama gazeti hili," alisema. "Soma hapa."

Goreth alisoma. Mwanamke wa Kisuvi yuko ufukweni, adui wanakuja. Mtoto wake wa kike anakohoa. Nahodha anakataa kumpakia. Bibi anabaki na mtoto kwenye mafunjo, kitambaa cha bluu. Na meli ikifika, mwanamke anawaambia watu: homa.

"Nimemuuliza mama yako, huyu mtoto ni nani," Polycarpe alisema. "Ameingia ndani akafunga mlango. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mama yangu mimi aliachwa hai?"

Goreth aliinamia kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani. Polycarpe alingoja, akatikisa kichwa kama aliyepata jibu, akaondoka na gazeti amelisahau juu ya cherehani.

Siku hiyo hiyo Goreth alikwenda Litapunga. Mama yake alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakunyanyua uso.

"Mama."

"Nilikuambia wewe," Odeta alisema. "Sikuliambia gazeti."

"Nilimwambia yeye tu, Mama. Nilidhani..."

"Na mimi nilidhani." Akaendelea kuchambua. Goreth alikaa pale mpaka ungo ukaisha, na mama yake hakumpa hata maji.

Alhamisi alifika posta mapema. Simu ilipolia hakungoja salamu.

"Umemwandika Joséline."

"Jina sikulitaja."

"Hukulitaja. Kikohozi umekitaja. Bibi umemtaja. Kitambaa umekitaja. Baba mdogo amesoma, Masele. Kijiji kizima kimesoma, mama yangu hatoki nje."

"Goreth, mpenzi, sikujua gazeti linafika mpaka Litapunga. Mhariri alitaka kurasa kesho yake asubuhi, sikuwa na kitu. Niliandika huku nalia, wallahi. Watu wametuma barua, hakuna sehemu waliyoipenda kama ile."

"Waliipenda," Goreth alisema.

"Sikusema hivyo kwa ubaya."

"Jina langu ulilichukua nikakusamehe, kwa sababu lilikuwa langu, nilikuwa na haki ya kulitoa. Hili halikuwa langu. Ulijua halikuwa langu."

"Nifanye nini sasa? Niambie nifanye nini."

"Kila Alhamisi unaniuliza nikuambie," Goreth alisema, akaweka simu. Pudensiana alimwona anapita. Wiki zilizofuata simu ililia, na Pudensiana alijibu kwamba aliyeitwa hayupo.

Goreth akawa anakwenda kwa mama yake kila Jumamosi na Jumapili. Alichota maji, alipalilia mihogo, alipika. Odeta alikula bila kusema. Jumapili ya tatu alisema, "Chumvi imezidi," na Goreth alitoka nje kulia, kwa sababu lilikuwa neno la kwanza.

Mwanzoni mwa Oktoba, wakiwa wametoka kanisani, baiskeli iliingia uani. Masele alikuwa amekonda, lile koti hakulivaa. Polycarpe alikuwepo, alikuwa ameanza kuja tena, anakaa kwenye kiti cha mbali na Odeta, wanazungumza mambo ya mashamba tu.

Masele alipiga magoti mbele ya Odeta, na kichwa akakiinamisha.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyeandika."

Odeta alimtazama kwa muda. "Kaa kwenye kiti," alisema. "Umeleta nini hapo mkononi?"

Lilikuwa gazeti. Masele alilisoma kwa sauti iliyokuwa inakatika. Hadithi ya *Mabaharia wa Miti* imesimamishwa. Wasuvi na Walezi wao walibuniwa na Goreth binti Claude wa Mpanda. Mwandishi alizichukua kazi zake na siri za nyumba yake bila ruhusa, na anawaomba radhi.

"Na kazi?" Polycarpe aliuliza.

"Sina tena, baba."

Odeta aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha togwa, akampa. "Kunywa," alisema. "Umetoka mbali."

Goreth alimsindikiza hadi barabarani. Masele alikokota baiskeli upande mmoja, yeye akatembea upande wa pili, kama zamani walivyotembea Shanwe.

"Umekonda," Goreth alisema.

"Dar hakuna anayenipikia maneno." Alijaribu kucheka, akaacha. "Nataka kukuoa, Goreth. Najua sistahili. Nitarudi dukani kupiga barua. Hadithi nimeacha, naapa, hata ukitaka mashine niuze nitauza."

Goreth alimwamini. Hilo ndilo lililomuuma, alimwamini kila neno. Moyo wake ulikuwa unamkimbilia na miguu yake ilikuwa imesimama.

"Nimekusamehe," alimwambia.

Masele alivuta pumzi. Wakatembea hatua kadhaa, halafu kwa ile sauti ya mgahawani, taratibu, akauliza, "Wasuvi walifika? Ile nchi ya mwisho, mche ulikubali?"

Jibu lilikuwepo. Goreth alikuwa ameliona wiki nzima, akiwa anapalilia: nchi, udongo wake mwekundu, Mlezi mwanamke aliyepiga magoti na kiu yake. Alifungua mdomo. Na palepale akajikuta anamtazama Masele vidole, anawaza vitakavyolipiga kwenye mashine, aya itaanzia wapi.

"Sijui," alisema.

Hakuwahi kumdanganya kabla ya siku hiyo, na Masele alikuwa amemsikiliza miezi mingi mno asitambue. Aliitazama barabara.

"Basi," alisema. "Kwaheri, Goreth."

"Kwaheri, Masele. Uende salama."

Alipanda baiskeli. Goreth alisimama mpaka vumbi lilipotulia, akajifuta uso kwa pindo la kitenge, akarudi.

Uani viti vilikuwa vimesogea. Polycarpe alikuwa amekaa karibu na Odeta sasa, viwiko magotini, kichwa chini. Odeta ndiye aliyekuwa anazungumza, kwa sauti ambayo Goreth hakuijua, ya mwanamke kijana.

"Mama yako alisema, nendeni. Alikuwa amekwishaamua, Polycarpe, hakulia hata kidogo. Na mtoto..." Alimwona Goreth, akamwonyesha kigoda. "Njoo ukae, mwana wanje, mwanangu. Nawaambia habari za dada yako. Alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa hataki kabisa kuvaa viatu."

Goreth akavuta kigoda, akakaa.