Mfungo wa Larissa

Kila asubuhi kabla ya shule, Carmel alishuka na dada yake Larissa kutoka gorofa yao ya South Beach, mjini Durban, kwa lifti kama lifti imeamka vizuri, maana ile nayo ina siku zake. Larissa alikimbia ufukweni, Carmel akimshikia saa na chupa ya maji. Larissa alikuwa mkimbiaji wa mita mia. Medali zake, mama yao, Mama Félicité, amezitundika juu ya kioo cha saluni yake, na wateja wanazitazama wakisukwa.

Sasa alikuwa ameingia bobslei. Ni nini hiyo? Ni gari la chuma, halina injini, linateleza kwenye mfereji wa barafu. Wawili wanalisukuma kwa mbio, kisha wanalirukia. Wa mbele anashika usukani. Wa nyuma anainamisha kichwa, haoni kitu, mpaka wakati wa kuvuta breki. Lakini Durban barafu iko kwenye friji tu! Basi Larissa na mwenzake Tiffany, Mkenya anayesoma chuo, walisukuma kigari cha magurudumu kwenye reli fupi, uwanjani Glenwood.

"Larissa, kula!" kocha wao, Mwalimu Shem, alizoea kumwambia. "Huku nataka nguvu na kilo. Ukija mwepesi, hili gari litakucheka."

Wiki ya majaribio ilipofika, Carmel alimwona dada yake anamsogezea sahani yake ya fufu, ugali wa muhogo.

"Yaya, unaumwa?" Kwao dada mkubwa huitwa yaya.

"Nimefunga. Namwomba Mungu anipe hii nafasi. Jumamosi nikishachaguliwa, nitakula. Mama asijue, na Mwalimu Shem ndiyo kabisa. Niahidi."

Carmel akaahidi. Akala fufu ya watu wawili, na haikushuka vizuri.

Jumamosi, mama mmoja mgeni alikuja uwanjani kuchagua watakaopelekwa kwenye barafu yenyewe. Larissa alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliposimama, akashika kigari kama mtu anayeshika ukuta. Pembeni Tiffany alikuwa anavaa kofia ngumu na kuimba, hajui lolote.

Carmel aliwaza yote mawili. Akisema, dada yake atakosa nafasi, na pengine hatampenda tena. Akinyamaza, na Larissa akianguka katikati ya mbio, ataburutwa na kile chuma, na Tiffany yumo ndani.

Akamkimbilia kocha. "Mwalimu, dada yangu hajala. Siku nyingi."

Mwalimu Shem aligeuka. "Larissa, ni kweli?"

Larissa alimtazama mdogo wake. "Yuda wewe!" Halafu akaketi kwenye nyasi, akalia.

"Eish, Larissa," Tiffany akasema, "na mimi ndio nimekaa mbele! Ungeniambia tu."

"Leo husukumi," alisema Mwalimu Shem kwa upole. Akaenda kuongea na mgeni, akarudi. "Anapita tena mwezi ujao. Atawaona nyinyi wawili."

Mama Félicité alipopigiwa simu alikuja mbio na chupa ya uji, na nyuma yake mteja, kichwa kimesukwa nusu, nusu imesimama kama ufagio. Larissa, pamoja na machozi, akacheka. Akanywa uji polepole, lakini kwa Carmel hakutazama.

Jioni alikuja mwenyewe kwenye kitanda cha mdogo wake. "Sogea," akasema. Wakalala mgongo kwa mgongo.

Mwezi mzima Larissa alikula. Mgeni aliporudi, kigari kiliondoka kama kimefukuzwa, na yeye na Tiffany wakachaguliwa. Siku hiyo Mama Félicité alipika pondu, yaani kisamvu, na samaki, akawaweka mabinti zake huku na huku.

"Larissa, mtoto yangu, kufunga si kubaya. Lakini siku ya kusukuma, huo mwili si wako peke yako, mwenzako amekaa ndani ya gari. Mungu hakukutuma umfiche mwenzako. Ungeuliza, tungeomba wote, na wewe ungekula." Akamgeukia Carmel, akamshika shavu. "Na wewe, siri inayoweza kumvunja mtu, usiitunze. Iseme, hata kama dada atanuna. Kununa kunapona."

Akawapakulia tena, bila kuwauliza.