Raudha Anajisemea Mwenyewe

Mwezi wa saba, kijiji kizima cha Lionja hunuka salfa, dawa ya kukinga mikorosho. Mikorosho imetoa maua, na kila mkulima yuko shambani na mashine ya kupulizia mgongoni. Mikidadi naye alipuliza, lakini mwaka huo alikuwa peke yake. Mke wake, Raudha, alikuwa amelala ndani.

Raudha hakuwa mvivu. Tangu kwao Malolo alijulikana kwa jembe lake. Sasa usiku hapati usingizi, chakula hakipiti, na binti yao Fauzia akimwita haitiki. Asubuhi moja alimwambia mumewe, "Baba Fauzia, bora nisingekuwepo."

Mikidadi aliogopa kweli. Akaenda moja kwa moja kwa jirani yao Teddy, nesi wa zahanati.

"Dada Teddy, kuna mtu mtandaoni anauza vidonge vya kuondoa mawazo. Niagize?"

"Usiagize," alisema Teddy. "Hiyo huenda ni sonona. Ni ugonjwa, na una dawa. Lakini dawa yake huandikwa na daktari aliyemsikiliza mgonjwa. Leo hii namtafuta daktari wa afya ya akili, aongee naye kwa simu ya video. Wewe usimwache peke yake. Na sumu zote za shambani zifungie mbali."

Mchana walifika zahanati. Huku kwetu mgonjwa hapelekwi peke yake, na wakubwa wakiwepo ndio wanaomsemea. Basi Mikidadi alivaa kanzu, dada yake Shamimu alijipaka poda, wakabanana mbele ya simu ya Teddy. Raudha alionekana bega tu.

"Raudha, unalalaje?" daktari aliuliza.

"Analala vizuri tu," alijibu Shamimu.

"Na chakula?"

"Anakula, daktari. Ugali tunampikia kila siku," alisema Mikidadi. Hakutaka daktari adhani anamshindisha mke wake njaa.

"Nawashukuru," alisema daktari. " Lakini siwezi kumwandikia dawa mgonjwa ambaye sijamsikia. Naomba mtupishe, nesi abaki naye."

Shamimu alinuna. "Atasema nini huyo? Hata salamu haitikii."

Ndipo Raudha alipoishika simu. "Wifi, nitasema mwenyewe. Naomba mtoke."

Akasema yote: usingizi uliopotea, uzito wa kila asubuhi, na mawazo ya kufa. Alilia, akaendelea kusema. Daktari alimuuliza kama ana mimba, na kama anatumia dawa nyingine, hata za miti shamba.

"Utameza kidonge kimoja kila asubuhi," alisema daktari. "Siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka. Nafuu huja polepole, baada ya wiki kadhaa. Usiache dawa mwenyewe, wala usimgawie mtu. Mawazo ya kufa yakirudi, mwambie nesi saa hiyo hiyo. Wiki ijayo tutaongea tena."

Cheti cha dawa kilitumwa kwenye duka la dawa Nachingwea mjini, na Mikidadi akaenda kuchukua vidonge.

Wiki ikapita, Raudha akaongea tena na daktari. "Dawa za kwenye simu hizo," alisema Shamimu. "Mbona yuko vilevile?" Hata Mikidadi alianza kusitasita.

Teddy alimcheka Mikidadi. "Shemeji, salfa unapuliza mara ngapi kwa msimu? Na ukishapuliza ile ya kwanza, kesho yake unavuna?"

Mikidadi akaenda kumletea mkewe maji. Raudha alimeza kidonge chake. Kesho yake akameza tena, bila raha na bila kuona tofauti yoyote. Alikuwa ameamua.

Usingizi ulirudi kwanza, kisha hamu ya kula. Msimu wa korosho ulipofika, Raudha alikuwa shambani na ndoo yake.

"Si umeshapona?" alisema Mikidadi. "Vidonge tuviache sasa."

"Daktari ndiye atakayesema, na nitamuuliza mwenyewe."

Alimuuliza. Daktari akamwambia aendelee kwa miezi kadhaa, ili ugonjwa usirudi. Raudha akakubali.

Siku moja walikuwa wamekaa chini wakikonyoa korosho kwenye mabibo, yale matunda yake. "Baba Fauzia," alisema Raudha, "mvua zikianza tulime ufuta kule bondeni."

Mikidadi alimgeukia. Ilikuwa imepita miezi mingi mke wake hajataja siku ambayo haijafika. Akaokota bibo jingine, akaikonyoa korosho yake, na machozi yakamtoka mbele ya mkewe bila kujificha.