Nyuma ya Hema

Robota la turubai lilianguka kutoka kwenye bodaboda mbele ya soko kuu la Jinja, likaziba njia nzima. Wauza nyanya wakalalamika, madereva wakapiga honi, naye Nambozo akabaki katikati na gauni lake la kitenge cha manjano, mikono kiunoni. Ndipo akatokea askari jela mmoja mrefu, sare ya kaki imenyooshwa pasi, akalitupia lile robota begani.

“Dada, hii kitu umebeba ni nini? Nyumba?”

“Ni tenti, afande. Na kama mgongo imeshindwa, sema mapema.”

“Mgongo iko sawa. Ni macho tu imekataa kutoka kwako.”

Yalianza hivyo. Askari alijiita Lawrence Ojok, mtu wa kaskazini. Nambozo ni Mgisu wa upande wa Mbale aliyehamia Walukuba, mtaa wa Jinja, kushona mahema ya harusi na mikutano. Hakuna aliyejua lugha ya nyumbani kwa mwenzake, kwa hiyo walipendana kwa Kiswahili, lugha ambayo mama yake Nambozo hakuipenda, maana yeye aliisikia kwa watu wenye bunduki tu. Lawrence aliitumia kumwita sukari yangu. Hata alipohamishiwa Mbale na kupanga chumba Malukhu, alimpigia simu kila jioni mpaka sikio la mtoto wa watu likapata moto.

Jioni moja wakapeana siri. Nambozo alisema aliwahi kufungwa miezi minane, kwa kumpiga kwa pasi msimamizi wa kiwanda aliyemshika bila ridhaa yake. Lawrence naye akatoa ya kwake: cheti alichoingilia kazini kilikuwa cha marehemu kaka yake, na jina la Lawrence vilevile. Yeye mama yake alimwita Enos. Hakuna mwingine aliyejua, na wakubwa wake wakijua, mshika funguo angegeuka mfungwa.

Sasa, Lawrence alikuwa na ulimi wa kuhubiri, na ulimi ule ndio uliomponza. Kanisa lake la Mbale lilianzisha mafundisho ya wachumba juu ya Prisila na Akila, mke na mume wa kwenye Biblia waliokuwa wakishona mahema pamoja. Mwalimu ni yeye. Brendah wa kwaya ya Walukuba akaipata sauti iliyorekodiwa, akaisambaza kwenye simu za watu, na mtaa mzima ukasikia.

“Hata mimi Mungu amenipa Prisila wangu,” ilisema sauti. “Anashona tenti pale Walukuba. Huyu dada alikuwa mfungwa, miezi nane, lakini leo ona Mungu ametenda.”

Kwenye sauti ile watu walipiga makofi.

Kesho yake Mama Bogere, mteja wake, alikuja kupimiwa turubai. Nambozo alipomkaribia, yule mama aliuvuta mkoba wake akaubana kwapani. Nambozo aliuona mkono ule. Alimaliza kupima, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, kisha akarudi kwenye cherehani akalia kwa hasira tupu. Lawrence alipiga simu siku hiyo, na iliyofuata, na iliyofuata. Nambozo hakupokea. Alikuwa anaandika barua.

Ilikuwa barua fupi: jina la kweli la Lawrence, cheti cha nani, mwaka gani. Kanisa lile lile lilikuwa limeagiza kwake hema la siku ya kufunga mafundisho, na mgeni rasmi alikuwa mkuu wa kazi wa Lawrence. Nambozo aliona amepangiwa na Mungu mwenyewe. Ataisoma kwenye kipaza sauti, mbele ya watu, kama yeye alivyosemwa mbele ya watu.

Akafungua Biblia kutafuta mstari wa kumchapia. Badala yake akakuta kwamba Prisila na Akila walimsikia Apolo, msemaji hodari, akifundisha jambo asilolijua vizuri, nao wakamchukua nyumbani kwao wakamweleza. Hawakumkatiza mbele ya watu. Nambozo akaifunga kwa kishindo. Ilimuudhi kuona hata Biblia inamtetea yule mwanamume.

Jumamosi asubuhi hema jeupe lilisimama Mbale, na watu wakajaa. Nambozo alivaa gauni jekundu la gomesi, mkanda wake unang'aa, barua kifuani. Lawrence, ndani ya suti iliyompwaya mabegani, alipomwona akachanua uso mzima. Wala hakuuliza kwa nini simu zake hazikupokewa. Akamwita mbele, akamkabidhi kipaza sauti, akawaambia watu huyu ndiye Prisila wake, atawasalimia. Mkuu wake alikaa kiti cha kwanza, hatua tatu tu.

Nambozo akaitoa barua. Alimtazama Lawrence apate kuiona hofu yake, maana hiyo ndiyo aliyoisafiria kutoka Jinja. Hofu haikuwepo. Mtu alikuwa amempa kipaza sauti mwanamke anayeweza kumfunga, na alikuwa anatabasamu, hajui kabisa alilotenda. Akisomewa sasa ataumia bila kujua anaumizwa kwa nini, na kisasi cha namna hiyo Nambozo hakukitaka. Alitaka ajue.

“Ninaomba mhubiri kidogo,” akasema. “Kwaya iimbe.”

Nyuma ya hema hakumbakizia kitu. Alimwekea ile sauti, akamsimulia mkoba wa Mama Bogere, akamkumbusha kwamba siri ile alimpa yeye, hakulipa kanisa. Lawrence akajitetea kwamba alikuwa anamsifu Mungu.

“Ungemsifu na ya kwako.” Akamkabidhi barua. “Soma, Enos.”

Akasoma, akakaa chini kwenye nyasi na suti yake.

“Mbona hukusomea watu?”

“Nilitaka. Bado nataka. Lakini mimi najua vile inauma, kusikia jambo yako kwa mdomo ya mtu mwingine.”

Lawrence alikaa pale mpaka kwaya ikamaliza wimbo wa pili. Kisha akainuka, akaingia na barua mkononi, akawaambia watu kwamba alitoa hadharani kitu kisichokuwa chake, na anaomba radhi. Hakukirudia. Akainama sikioni kwa mkuu wake, wakatoka wawili kwa upande wa pili. Nambozo alimwona yule mkubwa akisoma, akavua miwani, akasoma tena. Siku aliyoililia ilikuwa imefika, wala haikumpa raha.

Lawrence alirudi mikono mitupu.

“Amesema Jumatatu nikuje bila sare. Mambo itaenda kortini.”

“Watakufunga.”

“Labda. Jela mimi najua.”

“Wewe unajua jela ya mwenye funguo. Usilale karibu na mlango. Chakula kula yote, hata kama imeungua. Na wiki ya kwanza usihubiri.”

Lawrence alitaka kucheka, ikashindikana. Akamuuliza kama bado anaweza kuolewa na mtu asiye na kazi, mwenye kesi. Nambozo akakaza mkanda wa gomesi.

“Ukitoka, uliza tena.”

“Kwa hivyo umenisamehe?”

“Bado,” alisema. “Lakini kila Jumapili nitaleta sabuni.”